Mkono wa Kushoto Ukae Nyuma

Wale vijana wa chuo waliokuja kujifunza kazi katika yadi yetu ya Litein waliniuliza swali moja, kisha wakacheka kabla sijafungua mdomo. Walikuwa wameona kapasita zimepangwa mezani, kila moja imezungushiwa kipande cha seng'enge yenye kutu, tena na miiba yake, na mmoja wao akataka kujua kama tumekosa waya wa maana katika yadi iliyojaa shaba kila pembe. Sikuwajibu siku ile. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, magoti yananiwaka, na jibu lenyewe si la kutolewa na mtu aliyesimama. Sasa nimestaafu, nimeketi, chai iko kando yangu. Nitawajibu mara moja tu, nyinyi vijana na watakaokuja nyuma yenu, kwa maana nimechoka kulijibu kwa vipande.

Mimi naitwa Ouma. Wengi pale huniita Baba Atieno, wengine Fundi, na mimi huitika yote. Watu wangu wanatoka upande wa ziwa. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya kiwanda cha chai, nami nikaingia kiwanda hicho hicho kama mtu anavyoingia shamba la urithi, bila kuulizwa kama nalitaka. Nilikuwa fundi wa umeme. Nyinyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa radi ya Kericho. Alasiri mbingu inakunja uso, mvua ya mawe inachapa majani ya chai mpaka yanachanika, na kabla hujafunga dirisha mota moja imeungua mahali. Nusu ya maisha yangu nimeyamaliza nikifufua vitu vilivyouawa na radi, na nusu nyingine nikibomoa vile vilivyokataa kufufuka.

Baadaye walikuja watu wa kampuni moja wakaweka kontena za betri mlimani, karibu na laini kubwa ya umeme. Kazi ya betri zile ilikuwa kuhifadhi umeme wakati hauhitajiki sana na kuurudisha kwenye gridi ya taifa watu wanapowasha majiko na taa. Lakini betri hutoa umeme unaokwenda upande mmoja tu, na gridi inataka umeme unaokwenda na kurudi. Wa kuugeuza ni inveta. Msifikirie ile ndogo ya nyumbani mnayobeba kwa mkono. Hizi ni makabati marefu kuniliko, mazito kama ng'ombe, yenye feni zinazovuma mchana kutwa.

Radi ilipopiga vibaya, kabati moja au mawili yalikufa. Mengine yalikufa kwa uzee tu, kama tutakavyokufa sisi. Yaliyokufa yalisukumwa nyuma ya ua, nyasi zikaota hadi magotini, na kuku wa mlinzi wakaanza kutagia ndani. Mimi mwenyewe nimewahi kufungua inveta ya gharama ya kutisha nikakuta mayai. Wenye mali waliona takataka, lakini Njoroge aliona shaba na alumini.

Njoroge ni mwenye yadi. Baba yake alihamia huku kutoka Mkoa wa Kati na duka la misumari na mabati, na yeye akaongeza biashara ya chuma chakavu. Ni mtu aliyelelewa kunyoosha msumari uliopinda ili utumike tena. Alinijia nyumbani muda mfupi baada ya kiwanda kuniaga, akanikuta nikijaribu kupenda kupumzika. Hakuja kwa sababu alinipenda. Alikuja kwa sababu ya moshi.

Hebu niwaeleze huo moshi, kwa sababu kuna mmoja wenu niliyemsikia akisema kuchuna kebo ni kupoteza muda. Njoroge naye aliona hivyo. Alirundika kebo za inveta nyuma ya yadi akazitia moto ili plastiki iungue, shaba ibaki. Moshi mweusi ukateremka bondeni taratibu hadi kituo cha kununulia majani ya chai, ambapo akina mama walikuwa wamepanga vikapu wakingoja kupimiwa. Jani bichi la chai hunyonya harufu yoyote iliyo karibu, hata ya sabuni. Karani alichota konzi moja, akanusa, akakunja uso, akanusa kikapu cha pili, akakataa kituo kizima. Wakulima hawakwenda kwa chifu. Walipanda nayo yale majani hadi Litein wakayamwaga yote mbele ya lango la Njoroge, kikapu baada ya kikapu, hata pikipiki haikuweza kutoka. Alikesha akiyaondoa kwa reki, na sidhani kama aliwahi kufurahia chai baada ya hapo. Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwangu, anataka mtu wa kumfundisha kubomoa bila kuchoma.

Kwa hiyo kebo huchunwa, hazichomwi. Moshi ule ungewaua nyinyi polepole hata kama kusingekuwa na jani moja la chai wilaya nzima.

Sasa kazi yenyewe. Inaanzia kule kwenye kituo cha betri, haianzii yadini. Zima upande wa gridi, kisha zima upande wa betri. Watu husahau upande wa betri kwa sababu tumezoea umeme kuja kutoka nguzoni, na inveta ina midomo miwili. Weka kufuli yako mwenyewe, na ufunguo ukae mwilini mwako, si kwenye msumari ukutani, si kwa mkubwa wako ambaye anapenda kusaidia. Kisha ngoja. Mtengenezaji ameandika mlangoni muda wa kungoja, na mimi huongeza wa kunywa chai bila kuharakisha. Kisha pima, lakini usianze na kabati. Anza kupima mahali unapojua kwa hakika kwamba umeme upo, ndipo upime kabati, halafu urudi pale pa kwanza upime tena. Kipimo kikifa katikati ya kazi kitakuambia kabati limekufa, kumbe maiti ni chenyewe.

Baada ya hapo ndipo unakutana na kapasita. Kapasita ni mikebe ya alumini, mikubwa kama mikebe ya maziwa ya unga, imepangwa ndani kwa safu. Inaweka umeme tumboni hata baada ya kila kitu kuzimwa. Tulipokuwa vijana kiwandani tulizimaliza zile ndogo za feni kwa bisibisi. Unagusisha ncha zake mbili, cheche inaruka, tunacheka, tunaendelea. Kwa hizi za inveta, bisibisi itayeyuka na macho yako yataondoka nayo. Tumia vile vijiti viwili vyenye mishikio mirefu na rezista katikati, umeme utoke polepole, upime, umwage tena, upime tena.

Hapo vijana hudhani wamemaliza, na hapo ndipo kapasita inapomshinda mtu akili. Ukiimwaga hadi kipimo kikasoma sufuri, kisha ukaiacha mezani peke yake, umeme unarudi. Si wote, lakini unarudi, bila kuunganishwa na chochote. Ni kama kitambaa cha kudekia: unakikamua kwa nguvu zako zote, unakining'iniza kambani, na baadaye unakuta ncha yake inadondosha tena. Maji yalikuwa ndani ya nyuzi. Kwa hiyo ukishamwaga, unafunga waya kutoka ncha moja hadi nyingine, na waya huo hautoki mpaka kapasita ifike Nairobi kwa wanaoisaga. Mimi nilitumia vipande vya shaba safi, nimevikunja vizuri kwa koleo, kama nilivyofundishwa. Shikeni hilo la shaba safi, tutalirudia.

Chelangat alikuja yadini mwaka ambao mashamba makubwa yaliongeza mashine za kuchumia. Alikuwa mchumaji wa chai tangu ujana wake, mjane, watoto wake wote wako shule, na mashine moja ilikuwa imechukua kazi yake na ya wenzake wengi wa mstari wake. Njoroge alimpa kazi ya kuchambua: skrubu huku, alumini kule, bodi kwenye sanduku lake. Sijawahi kuona mikono kama ile. Mchumaji mzuri hachumi kwa mkono mmoja. Inakwenda yote miwili kwa pamoja, kila mmoja na kichaka chake, na macho hayako kwenye vidole bali yameshatangulia kichaka kinachofuata. Chelangat alifungua skrubu mbili kwa wakati mmoja huku akizungumza na mtu nyuma yake. Tatizo lilikuwa moja la kuchekesha na moja la kuua. La kuchekesha ni kwamba viganja vilipojaa alitupa skrubu nyuma ya bega, kwa mazoea ya kikapu mgongoni, na Njoroge alipigwa na skrubu za kutosha hadi akaanza kuvaa kofia ngumu ndani ya ofisi yake.

La kuua ni ile mikono miwili. Fundi mkuu aliyenilea kiwandani, Mungu amrehemu, alinifundisha neno moja kila siku: mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni. Umeme ukiingia kwa mkono huu na kutokea mkono ule, njia yake inapita kifuani, na moyo hauna mlango wa kukimbilia. Ukiwa na mkono mmoja tu kwenye kabati unaweza kuungua, lakini una bahati ya kuungua.

Siku moja Chelangat aliingiza mikono yote miwili katika kabati ambalo sikuwa nimelipima. Nilimpiga kikumbo akaanguka juu ya rundo la feni. Kabati lilikuwa limekufa kweli, lakini hatukulijua hilo wakati ule, na Njoroge alikuwa ameona kila kitu. Aliniita kando akasema huyu mama aende.

"Mikono yake haiwezi kufundishwa, Fundi," akaniambia. "Atakufia hapa, na mimi ndiye nitaenda kuambia watoto wake."

Mimi pia nilikuwa nimewaza hivyo hivyo. Chelangat alikuwa amesimama pale karibu, akifuta vumbi kwenye goti, na alisikia. Hakulia wala hakusihi. Aliniuliza tu jambo ambalo mpaka leo nikichoka sana hulisikia.

"Nikitoka hapa naenda wapi, Baba Atieno? Chai ilichukuliwa na mashine."

Nikamwomba Njoroge anipe muda naye, na Njoroge akakubali kwa kunung'unika. Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba akipata madhara, ni mimi niliyesema abaki. Nikamwita Chelangat nikamwambia kwa ukali neno la fundi wangu, kwamba mkono wa kushoto ukae mfukoni. Akanitazama, kisha akaitazama nguo yake, lile gauni la kitambaa cha maua.

"Hii nguo iko na mfuko wapi?"

Nilikuwa nimewaambia watu neno hilo miaka yote, na sikuwahi kufikiria kwamba liliundwa na mtu mwenye suruali. Kesho yake Chelangat alikuja na aproni yake ya kuchumia, ile ya plastiki nzito ambayo wachumaji hujifunga wasiloweshwe na umande. Akaifunga kiunoni, akapeleka mkono wa kushoto nyuma, akauzungushia kamba za aproni, akamwambia mwenzake akaze. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Wanaume walicheka, wakamwita Nusu Kilo. Alikuwa mwepesi kwa mkono mmoja kuliko wao kwa miwili, kwa hiyo hawakucheka muda mrefu. Baada ya miezi kadhaa aliacha kuufunga. Mkono ulikwenda nyuma wenyewe kila alipokaribia kabati, kama mbwa anayejua mahali pake pa kulala.

Shida ni kwamba ulianza kwenda nyuma hata pasipo na kabati. Akinunua kabeji sokoni Litein mkono uko mgongoni, mpaka muuzaji akamuuliza anaficha nini. Na mnajua huku mtu mzima husalimiwa kwa mikono miwili, au wa kushoto uushike wa kulia kwa heshima. Chelangat akamsalimu mama mkwe wake kwa mkono mmoja, mwingine uko nyuma, na mama mkwe akanuna hadi ikabidi nipande boda kwenda kijijini kwao, upande wa Silibwet, kumweleza mama yule habari za umeme na moyo. Alinisikiliza vizuri, akanipa mursik, maziwa yale ya kibuyuni, na mwisho akasema bado ni tabia mbaya. Niliporudi, tabia hiyo ilikuwa imewaambukiza wengine. Yadi nzima ikawa inasalimiana kwa mkono mmoja, wa kushoto nyuma, na wageni wakadhani ni mambo ya dini.

Sasa nafika mahali ambapo nilikuwa nikiahirisha. Njoroge si mtu mbaya. Nataka mlishike hilo kabla hamjasikia linalofuata. Kila jioni alizunguka yadi akiokota chembe za shaba sakafuni, hata ndogo kama punje ya mtama, akizitia kwenye mkebe. Jioni moja kulikuwa na kapasita nyingi mezani zikingoja lori la Nairobi, na kila moja ina kipande changu cha shaba safi. Yeye aliona shaba nzuri ikienda bure kwa watu wengine. Nilikuwa nimemweleza habari ya umeme kurudi, tena zaidi ya mara moja, na alikuwa ameitikia kama mtu anavyoitikia hadithi za majini. Moyoni mwake kikombe kilichomwagwa kimemwagwa. Akaanza kufungua vile vipande kutoka safu ya nyuma, akavitia mkebeni, mpaka alipoitwa nyumbani kwa chakula akaacha safu za mbele zilivyokuwa.

Asubuhi lori lilifika na mvua nyepesi. Chelangat alikuwa anapakia kapasita kwenye masanduku. Hakuwa na glavu, kwa sababu kapasita iliyofungwa waya ni mkebe tu, na zote alizoanza nazo zilikuwa zimefungwa. Ni nzito zile. Mtu yeyote angezikumbatia kwa mikono miwili. Alipofika safu ya nyuma, mkono wake umelowa mvua, alishika moja kwa juu, kidole gumba kwenye ncha moja na vidole viwili kwenye nyingine.

Nilikuwa upande wa pili wa banda. Nilisikia mlio mdogo mkavu, na mkebe ukigonga sakafu. Nilipogeuka, Chelangat alikuwa ameketi chini, ameegemea mguu wa meza. Nilikimbia kama ninavyoweza kukimbia. Kwanza nikausukuma ule mkebe mbali naye kwa mpini mkavu wa ufagio, na hilo mlikumbuke, msimshike mtu kabla hamjajua bado anashikwa na nini. Kisha nikapiga magoti. Alikuwa akipumua. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjamana na vidole vina alama nyeupe. Mkono wa kushoto ulikuwa bado nyuma, kati ya mgongo wake na meza.

Njoroge alituendesha hadi hospitali kwa pikapu yake, amekaza macho barabarani. Daktari, msichana wa rika la binti yangu Atieno, alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha akauliza mkono wa pili ulikuwa wapi.

"Nyuma," Chelangat akamwambia. "Hiyo siku hizi inakaa nyuma."

Daktari akasema basi umeme uliingia kwa kidole ukatokea kidole, haukupita kifuani. Akamlaza ili moyo uangaliwe. Nilitoka nje kutafuta mahali pa kukaa, nikamkuta Njoroge amesimama kando ya pikapu, kofia mkononi.

"Ni mimi nilitoa zile waya," akasema. "Ilikuwa kopa nzuri, shaba tupu."

Nilitaka kumpiga. Ni aibu kuandika, lakini nilikuwa mzee na nilitaka kumpiga mzee mwenzangu mbele ya lango la hospitali. Kisha hasira ikaisha kabla mkono haujainuka, na kilichobaki kilikuwa uchovu ambao sijawahi kuujua hata nyakati za radi mbaya kabisa. Nilikuwa nimemfundisha Chelangat kila kitu nilichokijua. Nilikuwa nimemfundisha Njoroge pia. Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba sirudi kule tena, na yeye akasema haya, akaendelea kuchagua mchele, kwa maana alikuwa amelisikia hilo mara nyingi.

Sikurudi kweli, si siku iliyofuata wala iliyofuata hiyo. Halafu jioni moja Njoroge akaja na pikapu. Nyuma yake kulikuwa na bunda la seng'enge yenye kutu. Ilikuwa ya ua wa mbuzi wake. Alikuwa ameung'oa ua mzima, na baadaye nikasikia mbuzi walikula sukuma wiki yake yote na nusu ya mahindi ya jirani. Akalitupa lile bunda uani kwangu, akajinyonya kidole kilichochomwa na mwiba.

"Funga na hii," akasema. "Hii hakuna mtu atataka. Hata mimi."

Hilo ndilo jibu la swali lenu. Waya wa kufungia kapasita usiwe na thamani. Mwizi hatauiba, na mwenye bidii hatauokota, na huyo wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi kwa sababu anakuja na nia njema. Na ile miiba msiikate. Mtu akisahau akaushika ovyo, mwiba utamkumbusha kwa upole kuliko kapasita itakavyomkumbusha.

Nilirudi yadini, na Chelangat naye akarudi kazini. Njoroge hakusema tena neno la kumfukuza, na sidhani kama angethubutu. Lakini kidole gumba na vile viwili havikurudi. Vinapinda, vinashika, ila havisikii kitu, hata moto. Nyuma ya nyumba yake ana vichaka vichache vya chai vya kwake mwenyewe, na hawezi kuvichuma, kwa maana jani la chai huvunjwa kwa kulisikia, si kwa kulitazama. Watoto wake ndio huchuma wakirudi kutoka shule. Aliniambia hayo bila kulalamika, na mimi niliumia zaidi kuliko kama angelalamika. Ndiye yule mama anayewakagua mezani kabla ya lori kufika, ambaye baadhi yenu mnasema ni mkali bila sababu.

Najua inveta mpya zina skrini, na nyingine hujimwaga umeme zenyewe zikizimwa. Ni jambo zuri, nimelingoja sana. Skrini ikisema sufuri, nyinyi pimeni, mumwage, mfunge seng'enge. Nimewaona mkiharakisha. Mimi sina tena nguvu ya kuwapiga vikumbo.

Siku yangu ya mwisho walichinja mbuzi mmoja wa Njoroge, mmojawapo wa wale waliokula mahindi, nadhani. Tukala, wakasema maneno mazuri ambayo nusu yake hayakuwa ya kweli, kisha wakapanga mstari kuniaga. Kila mmoja alinipa mkono wa kulia, wa kushoto uko nyuma, kama desturi ya yadi ilivyokuwa. Njoroge pia. Chelangat alikuwa wa mwisho. Alinipa ule wa kulia nikaushika, vidole vyake vimelala tu kiganjani mwangu. Kisha nikaona bega lake likisogea, na ule wa kushoto ukatoka nyuma ya aproni.

"Hii ya kulia haisikii kitu, Baba Atieno," akasema. "Shika na hii, nijue nimekushika."

Nikaishika yote miwili, na pale yadini hakuna aliyemwambia aurudishe nyuma.